Kona Nyuma ya Kibanda cha Lango

Ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijaanza kusahau, nami naandika upesi kabla hamjabadili mawazo. Nimestaafu majuzi tu. Niko kwangu kijijini Mamba, nimezungukwa na tangawizi, na dharura kubwa niliyo nayo siku hizi ni mbuzi wa jirani. Habari za vyeo sitaziandika. Ziko kwenye faili langu masjala, na hata mimi zilikuwa zinanichosha. Nitaandika juu ya maji, na zaidi juu ya ile boti ya rimoti ambayo nasikia mmoja wenu anaiita mdoli.

Niliripoti ofisi ya maji pale Same nikiwa binti mwembamba mwenye viatu visivyofaa. Kazi ilikuwa kupima mito inayoshuka kutoka milimani kwetu kwenda tambarare, ijulikane maji mangapi yanapita na kwa kasi gani, ili watu wa skimu za mpunga kule Kihurio na wakulima wa Bendera wajue wanagawana nini. Nilikabidhiwa kwa mzee Mbonea, fundi mkuu wa vipimo, mtu wa maneno machache aliyeimba besi kwenye kwaya ya kanisa na kuongea kwa sauti hiyohiyo siku za kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Afadhali ungesema hujui. Anayejua kidogo huwa anaiachia kamba."

Siku zile tulipima kwa miguu. Unafungwa kamba kiunoni, unaingia mtoni na fimbo ya chuma yenye kijipropela chini. Maji yanakizungusha, unahesabu mizunguko, unasogea kidogo, unahesabu tena. Wenzako wako ukingoni wameshika kamba. Lakini mito yetu ina tabia mbaya. Mvua inanyesha huko juu milimani, wewe uko tambarare, anga jeupe, jua linakuchoma shingo. Halafu maji yanabadilika rangi. Yanakuwa kama chai, yanaleta majani, kisha yanaleta vijiti. Ukishaona vijiti umechelewa.

Masika moja mzee Mbonea alikuwa katikati ya mto, na kamba tumeishika mimi na Lukio, dereva wetu. Lukio ndiye aliyeyaona majani kwanza. Tukapiga kelele, mzee akageuka kutoka, na mguu wake ukanasa katikati ya mawe. Maji yalikuwa kiunoni, yakafika kifuani. Tukivuta, uso wake unaingia ndani ya maji. Tukilegeza, mkondo unamlaza chali. Yeye hakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko maji. Mwishowe Lukio alikimbia na kamba kuufuata mto, tukavuta kutoka chini, goti la mzee likatoa sauti niliyoisikia juu ya ngurumo yote ile, na mguu ukachomoka. Alipona, ila goti halikupona. Tangu siku hiyo msimamo wake ulikuwa mmoja tu, kwamba mtu asiingie tena kwenye mto uliofurika. Nasi tulijua kuwa bila mtu kuingia mafuriko hayapimwi, wakati mafuriko ndiyo yanayotakiwa kupimwa kuliko maji mengine yote.

Miaka ilipita, ofisi ikapata kifaa kinachopima maji kwa sauti. Unakipitisha juu ya mto, kinapiga mlio ambao sikio halisikii, kinakuambia kina na kasi. Penye daraja ni kazi ya kukiburuta kwa kamba tu. Pasipo daraja kilihitaji cha kukivusha. Mhandisi wetu, mama mmoja mwenye subira kuliko sisi wote, akatafuta boti ya rimoti ya mashindano, ndefu kama dawati la shule, yenye tumbo la umbo la herufi V na mota yenye hasira. Watu waliuliza kwa nini ya mashindano. Ni kwa sababu mto uliofurika unakimbia, na boti ya polepole inabebwa kama ganda la mua.

Mbele ilikwenda vizuri kupita kiasi. Taabu ilikuwa kona. Kila mto una ng'ambo, na ukifika ng'ambo lazima ugeuke urudi, na pale unapogeuka ubavu mzima wa boti unaukabidhi kwa mkondo. Kifaa kilichoning'inia pembeni kilikuwa ghali kuliko gari letu. Mhandisi aliniambia kwa upole, "Elieshi, boti ikipinduka mtoni na kifaa kikaenda, hatutapata kingine." Alivyosema kwa upole ndivyo nilivyokosa usingizi.

Tukaenda kujifunza kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, nje ya mji, upande wa tambarare. Tulining'iniza jiwe badala ya kifaa. Mzee Mbonea, akiwa karibu kustaafu, alikaa juu ya dumu na goti lake limenyooshwa. Mimi nilishika rimoti, Lukio akawa wa kuogelea kuifuata boti. Kijana mmoja mfugaji, Lemayani, alileta ng'ombe kunywa, akasimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo yake, kututazama.

"Mama," alisema boti ilipopinduka, "mnyama wako amelala."

Ilipopinduka tena akasema, "Mama, huyu anaumwa."

Nilichojifunza pale nakiandika kwa mpangilio wa maumivu. Betri ndiyo uzito wote wa boti. Nilipoiweka mbele mno, pua ilichimba maji kwenye kona, na sehemu ya nyuma ikazunguka kupita mbele, kama pikipiki iliyofungwa breki ya mbele kwenye mchanga. Nilipoirudisha nyuma mno, pua ilirukaruka na kutua kiubavu. Mahali pake ni theluthi hivi kutoka nyuma, chini kabisa kwenye sakafu, imefungwa isicheze. Halafu propela. Ikizunguka upande mmoja, mwili wa boti unataka kulala upande wa pili, na yetu ilitaka kulala kulia. Kwa hiyo kona ya kulia iliipenda, na kona ya kushoto iliichukia, kwa sababu ilipotakiwa kulala kushoto propela iliibinua nje. Ndiyo maana mkono wa bomba unaobeba kifaa niliufunga ubavuni kushoto, katikati ya urefu wa boti, uzito wa kifaa upambane na propela.

Mapezi mawili ya nyuma yalikuja butu kama vijiko. Niliyapiga tupa hadi yakakata kidole changu, na tangu hapo yakawa yanakata maji badala ya kuteleza juu yake. Kingo za chini za boti zilikuwa za mviringo, maji yakawa yanazing'ang'ania. Tulizinoa kwa gundi ngumu na msasa. Usukani ulikuwa umelegea kwenye ekseli yake. Tulipoubana, tukaupunguzia pia mwendo kwenye rimoti, ili hata mkono ukishtuka boti isikate kona kali kuliko inavyoweza kubeba.

Bado ilipinduka.

Mzee Mbonea aliniita. "Unaachia moto," alisema, akimaanisha nguvu ya mota.

"Naachia kidogo tu, mzee, ikate kona kwa usalama."

"Hapo katikati ya kona ndipo unapoimwaga. Ukiachia, pua inashuka, nyuma inakosa kazi. Punguza kabla hujaingia. Ukishaingia, shikilia moto uleule mpaka utoke."

"Na nikiona inapinduka?"

"Shikilia."

Ni rahisi kusema ukiwa umekaa juu ya dumu. Kidole chako kinajua njia moja tu ya kuogopa, nayo ni kuachia. Nilizunguka bwawa lile mpaka ng'ombe wakaizoea boti na Lemayani akaacha kucheka, na siku boti ilipokata kona ya kushoto kwa kasi yote, imelala ndani, mapezi yakichora mstari mmoja safi kama uliochorwa kwa rula, yeye ndiye aliyepiga mluzi. Mzee Mbonea aliinuka tu, akaomba kurudishwa nyumbani. Alistaafu mwaka huo, akafariki baadaye kwa amani, na sikuwahi kumsikia akisifu kitu chochote kinachoelea.

Miaka iliyofuata tulipima mafuriko mengi kwa boti ile na zilizoifuata. Yote hayo mtayaona kwenye takwimu. Ninachotaka kuwaandikia ni siku moja ya masika yangu ya mwisho kazini.

Tulikuwa njiani, mimi na Lukio, kwenda kupima mto mmoja karibu na Kihurio. Milimani kulikuwa kweusi tangu asubuhi. Huku chini jua liliwaka. Simu ikapigwa na mwenyekiti wa skimu ya mpunga ya pale. Nilimfahamu kwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia akihema.

"Mama Elieshi, mko wapi?"

"Tunakaribia kwenu."

"Njooni kwenye lango kuu. Njooni sasa hivi."

Lango kuu ni pale maji yanapotoka mtoni kuingia kwenye mfereji wa mashamba. Juu yake kuna kibanda, nguzo za zege, jukwaa, na kijipaa cha bati. Siku zote kibanda kile kilikuwa ukingoni, unakifikia kwa ubao. Tulipofika kilikuwa katikati ya mto. Maji yalikuwa yamekata njia mpya kati yake na sisi, na upana wa njia hiyo ulikuwa kama nusu ya uwanja wa mpira. Yalikuwa mekundu, mazito, yakibeba migomba mizima na mapaa ya vibanda vya kuku.

Juu ya jukwaa kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Hadija, mtunza lango, mwanamke wa makamo niliyekuwa nakunywa naye chai kila nikija kupima. Mwingine alikuwa mkwewe, mzee Ramadhani, aliyekwenda kumsaidia kuteremsha lango ili mafuriko yasiingie mashambani. Waliliteremsha. Walipogeuka kurudi, ubao haukuwepo.

Mume wa Hadija, Athumani, alikuwa amekaa kwenye matope, amelowa, paja linatoka damu. Alikuwa amejifunga kamba akaingia, maji yakamgonga kwa gogo, vijana wakamvuta. Alikuwa anataka kuingia tena, na wanaume wawili walimshika mabega.

"Kikosi cha uokoaji?" niliuliza.

"Wametoka Same," mwenyekiti alisema. "Wamefika kwenye kalavati. Kalavati halipo. Wanazunguka njia ya mbali."

Hadija alikuwa kwenye simu ya mwenyekiti, sauti imefunguliwa. Nikaomba simu.

"Hadija, ni mimi, Elieshi wa maji."

"Shoga yangu, umekuja kupima?"

"Maji yamefika wapi?"

"Mbao za jukwaa zinalowa. Na kibanda kinatikisika, kila gogo likigonga kinatikisika. Baba hawezi kusimama."

"Una nini hapo?"

"Nina reki ya kutolea takataka langoni. Na kanga yangu. Basi."

Reki ile niliijua, mpini mrefu kuliko mtu. Nikamtazama Lukio. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba alikuwa ameshaanza kuteremsha boti kwenye gari.

Wazo lilikuwa jepesi. Tufunge kamba nyembamba ya nailoni kwenye boti. Boti itoke ukingoni juu kidogo ya kibanda, ipite upande wake wa mbali, ikate kona nyuma yake, upande wa chini wa mto, kuelekea kwetu. Kamba ibaki imekizunguka kibanda, Hadija aivute kwa reki. Kwa kamba nyembamba avute kamba nene, na kwa kamba nene tuvute watu. Isingewezekana kupita karibu na kibanda upande wa juu, magogo yalikuwa yamerundikana, ilibidi kuyazunguka kwa mbali. Nyuma yake, chini kidogo, mti mkubwa ulikuwa umelala na mizizi yake juu, nao ulikuwa unasogea. Kati ya kibanda na mti ule ndipo pa kugeukia. Palikuwa padogo. Na kona ilikuwa ya kushoto.

Tulitoa kifaa cha sauti ili boti iwe nyepesi, Lukio akafunga kamba nyuma, kwenye pete ya kubebea. Nikaiachia majini.

Ilivuka vizuri. Ikazunguka upande wa mbali, nikawa naichungulia pua tu katika nafasi za nguzo. Nikapunguza, nikaingia kwenye kona, nikashikilia moto. Boti ilianza kugeuka, halafu ikagoma. Kamba ilikuwa imeikamata nyuma, na boti hugeuka kwa kuzungusha nyuma yake. Usukani ulikuwa umelala wote na pua bado inatazama ule mti. Kisha ikabinuka kulia, tumbo jeupe likaelekea juu, propela ikapiga hewa.

 Athumani akasema, "Basi. Niachieni niende."

"Vuta!" nilimwambia Lukio. Tukaivuta kwa kamba yake yenyewe, ikigonga magogo njia nzima. Pezi la kulia lilikuwa limepinda kama sikio. Maji kidogo yalikuwa yameingia.

Kwenye simu Hadija alikuwa anauliza, "Imekuwaje? Elieshi? Imekuwaje?"

"Subiri kidogo," nilisema. Nilisikia nyuma yake mzee Ramadhani akisoma dua.

Nilikaa kwenye matope na boti mapajani. Nilijua kama sitafikiri sasa sitafikiri tena. Makosa yalikuwa mawili. Tulipotoa kifaa tulikuwa tumetoa uzito wa kushoto, tukaiachia propela ifanye itakavyo. Na kamba haikutakiwa nyuma. Ilitakiwa karibu na mahali boti inapojizungushia, na mahali hapo ni katikati. Mkono wa bomba bado ulikuwepo pale ubavuni, mtupu.

"Lukio, kamba ihamie hapa, mwishoni mwa bomba. Itakaa mbali na propela. Wewe uitoe kwa kuibanabana, isilegee hata kidogo, ikilegea itaingia kwenye propela."

"Na uzito?"

"Betri ya akiba. Ifunge kushoto, chini."

Aliifunga kwa mpira wa baiskeli, akaukaza kwa meno. Pezi nililinyoosha juu ya jiwe kwa koleo. Mwenyekiti alimwaga maji yaliyoingia ndani kisha akaufuta mfuniko kwa shati lake bila kuambiwa. Hatukuwa na betri nyingine. Iliyokuwa inaendesha ilikuwa imeshatumika, na ile ya kushoto sasa ilikuwa jiwe tu.

"Hadija," nilisema kwenye simu, "ikipita nyuma yenu, kamba itagusa nguzo ya upande wa mbali. Usiitazame boti. Tazama kamba tu. Ikigusa, inase."

"Simu inaelekea kuzima."

"Izime. Shika reki kwa mikono miwili."

Ule mti ulikuwa umesogea. Nafasi ya kugeukia ilikuwa imepungua kwa upana wa mlango. Nikaiachia boti.

Ilivuka. Gogo lilikuja, nikalipisha, nikapoteza kasi, nikairudisha. Ikapita upande wa mbali, ikapotea nyuma ya magogo, nikaendesha kwa sauti ya mota peke yake, ikatokea chini kuliko nilivyotaka, karibu kabisa na mizizi. Nikapunguza. Nikakata kushoto. Nikashikilia.

Ilianza kulala ndani. Halafu ilipotoka kwenye maji tulivu ya nyuma ya kibanda ikaingia mkondoni, mto ukaipiga ubavuni na ikainuka. Niliona mapezi yote mawili hewani. Kidole changu kilitaka kuachia. Nilikiona kabisa kikitaka, kama kidole cha mtu mwingine. Lukio alikuwa pembeni yangu akisema polepole, "Shika, shika, shika, shika." Pezi la kushoto likarudi majini, likauma. Boti ikalala ndani, ikachora kona yake yote kati ya nguzo na mizizi, na pua ikatutazama sisi.

"Imegusa!" mwenyekiti alipiga kelele.

Hadija alikuwa amelala kifudifudi juu ya jukwaa, nusu ya mwili iko nje, reki mikononi. Alikosa. Akarusha tena. Meno ya reki yakanasa kamba, akaivuta, na mkwewe, yule aliyekuwa hawezi kusimama, akamkalia miguuni asichukuliwe. Hapohapo betri ya boti ikaisha. Nilisukuma moto na hapakuwa na kitu. Boti ikaanza kubebwa, kamba ikakaza, lakini Hadija alikuwa ameshaizungusha kwenye chuma cha lango.

Ukingoni watu walilia, wanaume kwa wanawake. Mimi nilikasirika, kwa sababu kazi ilikuwa nusu.

Hadija aliivuta boti kwanza, akaipandisha jukwaani, akaifungua kwenye kamba. Kisha akavuta kutoka kwetu kamba nene ya katani, akaifunga kwenye fremu ya lango, nasi tukaifunga kwenye gari. Tukapeleka tyubu ya tairi la lori aliyoileta mkulima mmoja, imening'inia kwenye kamba ile, na kamba nyembamba huku na huku ya kuivutia. Tuliona wanabishana. Hatukusikia kitu, ila mikono ilisema yote. Mzee anamwonyesha Hadija tyubu, Hadija anamwonyesha mzee. Mwishowe Hadija alimshika mkwewe mabega, jambo ambalo sidhani aliwahi kulifanya tangu aolewe, akamkalisha ndani ya tyubu na kumfunga kama mzigo wa mpunga.

Katikati ya njia tyubu ilizama. Kamba nene ililegea kwa sababu kibanda kiliinama. Tuliona mkono mmoja tu wa mzee. Athumani alijinasua, akakamata kamba ya kuvutia mbele yangu, na sote tukavuta, wakulima, mwenyekiti, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anapita na baiskeli. Mzee Ramadhani alitoka majini akikohoa matope. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Rudisheni hiyo tyubu, upesi."

Hadija aliivuta. Kisha hakuingia. Aliinama, akawa anahangaika na kitu.

"Anafanya nini?" Athumani aliuliza. "Hadija! Ingia!"

Kibanda kiliinama tena. Bati likang'oka. Tukamwona anajipinda, anafunga kanga kifuani, anakaza fundo, na ndipo akaingia kwenye tyubu. Tulivuta kama wendawazimu. Alipokuwa karibu na sisi nguzo za upande wa juu zilikatika, jukwaa likaenda, na kamba nene ikalegea yote. Tulimmalizia kwa kamba nyembamba peke yake, ile ya boti, na namshukuru aliyeisokota, popote alipo.

Alitambaa kwenye matope, Athumani akamwangukia. Hapo ndipo nilipoona alichobeba mgongoni. Alikuwa ameibeba boti kwa kanga, kama mtoto, pua ikichungulia juu ya bega lake.

"Hadija," nilisema, "wewe una akili kweli? Ungezama kwa ajili ya hii?"

Alikuwa anatetemeka meno yakigongana. "Ni mali ya serikali," alisema. "Ningeiacha, ningeulizwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikagundua kuwa sicheki tena, nalia. Lukio aliichukua boti, akaifungua mfuniko na kumwaga maji kando, taratibu, akiwa ametugeuzia mgongo, maana naye alikuwa na lake la kuficha.

Kikosi kilifika jua likielekea milimani, wakamtibu Athumani paja, wakampeleka mzee Ramadhani hospitali kwa ajili ya kifua. Alipona, bado yupo. Mpunga uliokuwa nyuma ya lango ulisalimika sehemu kubwa. Hadija sasa anatunza lango jipya, lililojengwa mbali kidogo na mto, na amekataa kabisa ubao. Anataka daraja.

Wiki iliyofuata mhandisi alinipigia. Yalikuwa mafuriko makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona katika mto ule, alisema, je, kipimo chake ni kiasi gani? Nikamweleza kwamba kifaa kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha gari wakati wote, kimefungwa mkanda.

"Basi tuandike nini?"

"Andika hayakupimwa," nilisema.

Ndivyo ilivyoandikwa. Mtapekua takwimu za mto ule na mtakuta pengo hapo, na najua mmoja wenu atataka kulijaza kwa makisio. Naomba mliache wazi.